Godoro la Bi Geti

Kuna walimu wanaokumbukwa kwa somo lao na wengine kwa ukali wao. Huyu alikumbukwa kwa geti. Alifundisha jiografia, lakini mwulize mwanafunzi wake yeyote mto gani unamwaga maji wapi, atababaika mpaka umwonee huruma. Mwulize geti la shule lilikuwa likifungwa saa ngapi, atakujibu hata umwamshe usingizini: saa moja na nusu kamili. Ndiyo maana wakambandika jina la Bi Geti. Walidhani halijui. Alilijua tangu wiki ya kwanza, na kimoyomoyo lilimpendeza sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa moja na nusu ikifika, mlinzi anasukuma geti, na yeyote aliyebaki nje, awe mwanafunzi, mwalimu au fundi bomba, haingii mpaka aandikwe. Daftari lilikuwa la jalada gumu la bluu, lenye safu tatu: jina, saa, sababu. Safu ya sababu ndiyo iliyokuwa na sheria. Mchelewaji anaiandika mwenyewe kwa mkono wake, inasomwa kwa sauti pale pale getini, haisahihishwi hata kama haina kichwa wala miguu, kisha inapigwa muhuri. Bi Geti aliamini kwamba mtu akisikia uongo wake ukisomwa mbele za watu atauonea haya. Hapo alijidanganya, lakini alipata burudani ya miaka kumi na moja. "Kiatu kimoja kimelala kwa jirani." "Baba alikuwa anaoga na nyimbo zake ni nyingi." "Niliota nimeshafika." Hiyo ya mwisho aliipiga muhuri mara mbili, kwa heshima.

Upendeleo hakuwa nao. Aliwahi kumwandika binti yake wa kumzaa, aliyebaki nyuma hatua kumi akifunga kamba za viatu. Alimwandika Mkuu wa shule mara sita, na mara ya nne Mkuu aliandika, kwa ule mwandiko wake mzuri wa mtu mwenye cheo: "Nilikuwa natafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa." Kikao cha walimu kilichofuata, Mkuu akaleta hoja kwamba uongozi usamehewe daftari, kwa kuwa uongozi una mambo mengi. Bi Geti akasimama.

"Mimi nina watoto wawili, mume na mama mkwe," alisema, "na jina langu halimo humu. Siku likiingia, nakukabidhi wewe Mkuu daftari, kalamu na muhuri, usimame pale getini mwenyewe."

Walimu wakapiga makofi, kwa sababu walitaka kikao kiishe wakanywe chai. Mkuu aliyaandika maneno yale kwenye kumbukumbu za kikao, akayapigia mstari.

Mtu anaweza kusema, daftari tu, la nini kuliwekea nadhiri? Anayesema hivyo hajawahi kuwa Bi Geti. Nyumbani kwake hakuna aliyemtii isipokuwa paka wa jirani, ambaye alikuwa anakuja kwa ajili ya maziwa. Ofisini kila mtu alikuwa mkuu wa kitu: huyu wa michezo, yule wa nidhamu, mwingine wa maua ya mbele ya ofisi. Yeye alikuwa na daftari. Akilikosa atabaki mwalimu wa jiografia basi, na alishaona jinsi walimu wa jiografia wanavyochukuliwa.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Kutoka nyumbani mpaka shuleni ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na kabla ya dakika hizo ishirini watu wanne walitaka kula, na hakuna wawili waliokula kitu kimoja. Mume wake, kinyozi, mtu ambaye duka lake lilifunguliwa saa tatu na hakuona kwa nini dunia iwe na haraka, alitaka yai la kukaanga upande mmoja, kiini kikitikisika. Binti mkubwa, miaka kumi na minne, kiini kilimchefua. Lake lipigwe mpaka lisahau kama liliwahi kuwa yai. Kitinda mimba, miaka saba, mayai hakuyagusa kabisa. Yeye ni mkate wa kukaanga, tena ukatwe pembetatu. Ukiukata mraba unakula mwenyewe. Mama mkwe alikula mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto, kwa kuwa meno yake yaliyobaki yalikuwa hayakutani. Jiko la gesi lilikuwa na vichomeo vinne, viwili vya kupikia na viwili vya pambo.

Yeye mwenyewe alikula wima. Chai mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, na kipande cha mkate kimeshikwa kwa meno wakati anasuka nywele za kitinda mimba. Meza ilikuwa na viti vitano, lakini cha tano kilikuwa cha mabegi. Aliuanzisha utaratibu huo mwenyewe, binti mkubwa alipoanza shule, na aliuonea fahari: jioni kila begi linawekwa kwenye kiti kile, la mkubwa chini, la mdogo katikati, lake lenye daftari juu, masweta kwenye mgongo wa kiti. Asubuhi kila mtu ananyoosha mkono bila kuangalia, anachukua chake, wanatoka. Miaka minane hakuna aliyewahi kutafuta kitu. Kitinda mimba aliamini kwa dhati kwamba kiti kile kilinunuliwa kwa ajili ya mabegi.

Muhula huu mambo yakaanza kuharibika. Mama mkwe alipoteza jino jingine, na mkate wake ukahitaji kulowekwa zaidi. Binti mkubwa akagundua kioo. Bi Geti, ambaye zamani alikuwa anafika saa moja na dakika ishirini akiwa hajahema, akaanza kufika na dakika ishirini na tano, kisha ishirini na saba. Mlinzi aliona. Mkuu aliona zaidi. Siku hizi Mkuu alikuwa anawahi kazini kuliko wakati wowote wa utumishi wake, akisimama chini ya mlingoti wa bendera na kuitazama saa yake kwa mapenzi.

Aliyemwokoa, au aliyemponza, chagua mwenyewe, alikuwa mwalimu wa upishi, mama mnene mchangamfu ambaye chakula alichofundisha alikionja chote na hakuona haya.

"Dada, unapika mara nne asubuhi moja?" alimwuliza wakiwa kwenye chumba cha walimu. "Wewe ni mke au ni hoteli?"

"Sasa nifanyeje?"

"Pika jioni. Trei moja. Chukua mkate wa juzi, ule uliokauka, uukate vipande, uupange. Kaanga soseji, vitunguu na hoho, mwagia juu. Piga mayai manane na vikombe vitatu vya maziwa, chumvi, pilipili manga, mimina. Nyunyiza jibini. Funika, weka kwenye friji, kalale. Usiku kucha mkate unakunywa ule mchanganyiko. Asubuhi unatia kwenye oveni dakika arobaini na tano, na wewe unavaa viatu kama binadamu."

"Na anayetaka kiini kitikisike?"

"Huyo mwambie atikisike yeye."

Jumapili alasiri Bi Geti akajitosa. Oveni ya jiko lake ilikuwa inahifadhi sufuria tangu walipolinunua. Akazitoa, akaisugua, akaiwasha aone kama ingali hai. Ilikuwa hai. Akatoa bakuli la kioo, pana na zito, zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe, akalipaka siagi. Mama mkwe akavuta kigoda akaketi mlangoni kusimamia, maana kazi ya kusimamia haihitaji meno.

"Unakipika leo tukile kesho?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini tusikile leo?"

"Leo hakijaiva, Mama."

"Basi kipike."

"Ndiyo nakipika, Mama. Nakipika kesho."

Bi Geti akamimina mayai na maziwa, na vipande vya mkate vikaelea kidogo kisha vikaanza kuzama vikinywa. Mama mkwe akanyoosha shingo.

"Hilo ni godoro," alisema. "Limelowa kama la mumeo alipokuwa mdogo."

"Mama," kinyozi alisema kutoka sebuleni.

"Mpaka darasa la tatu," mama mkwe alimalizia, ili ukweli uwe kamili.

Tangu hapo chakula kile hakikuwa na jina jingine. Jioni nzima kitinda mimba alikuwa anafungua friji kulichungulia godoro, akifukuzwa, akirudi. Bi Geti alilala na mpango mzima kichwani, akajiona amewashinda watu wote, hasa Mkuu.

Jumatatu saa kumi na mbili aliwasha oveni, akaiacha ipate moto sawasawa, kama mtu anayejua anachofanya. Kisha akalitoa bakuli kwenye friji, la baridi kiasi cha kuuma vidole, akalitia humo moja kwa moja na kufunga mlango. Haikupita dakika ukasikika mlio mmoja mkavu. Alipofungua, bakuli lilikuwa vipande viwili, na godoro lilikuwa linatiririka kwa utulivu kwenye sakafu ya oveni, likifuka moshi. Mwalimu wa jiografia aliyefundisha miaka yote jinsi majabali yanavyopasuka kwa joto na baridi, tena kwa mchoro ubaoni, alisimama akiangalia.

Akageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mama, nisamehe. Bakuli lako."

Mama mkwe aliingia, akainama, akavikagua vile vipande viwili.

"Wala sikulipenda," alisema. "Nilitaka kuwaletea seti ya vijiko, vikawa vimekwisha dukani. Fungua dirisha tusife."

Siku hiyo watu walikula mkate mkavu na chai, kinyozi akanuna, na Bi Geti aliingia getini saa moja na dakika ishirini na tisa, kilemba upande, ana harufu ya mayai yaliyoungua. Walimu walikuwa wamejaa dirishani wakijifanya wanaangalia hali ya hewa. Mkuu alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Aliirudisha polepole, akamsalimu kwa adabu, na Bi Geti akaitikia kwa adabu hiyo hiyo akiwa hana pumzi hata ya kumeza mate. Aliogopa. Alijua kabisa kwamba asubuhi nyingine kama ile hana.

Mwalimu wa upishi alipohadithiwa alicheka mpaka akashika meza. "Kioo cha friji kwenye oveni ya moto, dada? Bati. Tumia bati. Na uliingize oveni ikiwa bado baridi, vipate moto pamoja."

Jumatano jioni mama mkwe mwenyewe alikwenda chumbani kwake, akachakura chini ya kitanda, akarudi na trei ya bati iliyopondeka pembe, yenye umri sawa na kinyozi. Aliiweka mezani, akarudi kwenye kigoda chake, na mara hii alikata vitunguu. Alivikata vibaya, vipande vikubwa vya kutosha kujengea ukuta, na Bi Geti alivikaanga vilevile.

Alhamisi saa kumi na mbili trei iliingia kwenye oveni. Bi Geti akapiga pasi, akasuka nywele za kitinda mimba, akaoga, akavaa, akafunga kilemba, kikakaa sawa. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Akasimama katikati ya jikoni, mikono inaning'inia, hana la kufanya. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisimama hivyo. Akapangusa meza iliyokuwa safi. Akaipangusa tena.

Harufu ndiyo iliyowaamsha wengine. Kwa kawaida kuwatoa kitandani ilikuwa kazi ya kuita mara tatu, mara ya tatu kwa majina kamili. Siku hiyo walijileta wenyewe mmoja mmoja, pua mbele. Alipoitoa trei, godoro lilikuwa limeumuka, la kahawia juu, jibini likitoa mapovu pembeni, na kitinda mimba akashika mdomo kwa mikono miwili.

Akalikata. Mama mkwe alipewa katikati, palipo laini, akala bila kulowesha chochote. Binti mkubwa alitafuta kiini kwa ncha ya uma, hakukiona, akaridhika. Cha kitinda mimba kilikatwa pembetatu kwa kupitisha kisu mara moja. Kinyozi alipewa pembe iliyokauka vizuri, akaigeuza sahani huku na huku akitafuta kitu cha kulalamikia.

"Haitikisiki," alisema.

"Kula," mama yake alimwambia.

Akala, kisha akasogeza sahani mbele kudai nyingine.

Bi Geti alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe chake, mgongo kwenye sinki, kama kawaida. Ila hakuwa anafanya chochote kingine, na jambo hilo lilianza kuwasumbua watu. Kitinda mimba aligeuka akamtazama juu mpaka chini.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Umesimama tu."

"Si ukae basi," kinyozi alisema.

"Wapi?"

Wote wanne wakageuka kukitazama kiti cha tano. Mabegi yalikuwa yamejipanga juu yake, masweta mgongoni, kila kitu mahali pake. Kinyozi akainuka. Akakumbatia mabegi yote matatu na masweta kwa mpigo mmoja, akayapeleka chumbani, akarudi akipangusa mikono. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, na ilikuwa imemsubiri miaka minane.

Bi Geti akakaa. Kiti kikayumba.

"Hiki kina mguu mfupi," alisema.

"Tangu tukinunue," mume wake alijibu.

Ni ajabu mambo anayoyaona mtu akiwa amekaa kwenye nyumba yake. Aliona kwamba kinyozi anatafuna upande mmoja tu. Aliona binti mkubwa ana kovu dogo la kuungua kwenye kifundo cha mkono, la zamani, ambalo hakuwahi kuambiwa lilikotoka. Aliona kwamba mama mkwe kabla ya kila tonge anaangalia kwanza kama watoto wamepata. Na godoro lenyewe lilikuwa tamu. Lilikuwa la moto, alikuwa analila kwa uma, na hakuna aliyekuwa anamwita.

"Bibi, nifanye?" binti mkubwa aliuliza, akimtazama mama yake kwa pembe ya jicho.

"Fanya," mama mkwe alisema. "Atajua mwenyewe."

Binti mkubwa akainuka, akakaza shingo, akabana daftari la kubuni kwapani, akaishusha miwani isiyokuwepo mpaka ncha ya pua, akamgeukia baba yake. "Jina. Saa. Sababu," alisema, kwa sauti ile ile hasa ya mama yake getini. Kinyozi akashika kichwa akijifanya anatetemeka. "Nilikuwa natafuta yai langu, mwalimu. Lilikuwa limeliwa na mimi." Kitinda mimba akapiga meza kwa kijiko, ndiyo muhuri. Mama mkwe akacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka.

Bi Geti aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnanifanya hivi kila siku?"

"Kila siku," mama mkwe alisema akifuta macho. "Wewe unakuwa unakaanga."

Alicheka. Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi binti mkubwa ampige mgongoni. Alifurahi kuliko alivyokumbuka kufurahi kwenye chumba kile, na papo hapo roho ikamuuma, maana kumbe starehe hii ilikuwepo kila asubuhi hatua tatu nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa ameipa mgongo akiangalia mafuta. Akaomba kipande cha pili. Akamwambia binti mkubwa arudie, ila safari hii miwani iwe chini zaidi, na akamfundisha jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya neno "sababu". Mama mkwe akasimulia godoro la darasa la tatu tangu mwanzo, na kinyozi akaacha kupinga.

Kisha Bi Geti akainua macho. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja na dakika kumi.

Watatu wakainuka kwa pamoja na kunyoosha mikono bila kuangalia, kama ilivyo desturi, na mikono mitatu ikashika mgongo wa kiti kitupu.

"Mabegi yako wapi?"

"Nimeyaweka kitandani," kinyozi alisema, bado anatafuna.

Yalikuwa kitandani kweli. Lakini binti mkubwa naye, katikati ya mlo, alikuwa amepita humo kutafuta soksi na kumwaga juu yake nguo zote zilizofuliwa jana. Wakachimba. Begi la mkubwa likapatikana. La mdogo likapatikana, likiwa wazi, penseli zimetapakaa shukani. La daftari halikuwepo. Waliinua mito, wakakung'uta mashuka, mama mkwe akaangalia hata ndani ya oveni. Kumbe lilikuwa limeteleza likaanguka kati ya kitanda na ukuta, na kinyozi alilazimika kulala kifudifudi chini ya kitanda kulivuta kwa ufagio. Walipotoka mlangoni ilikuwa saa moja na dakika kumi na nane. Walikimbia. Bi Geti alikimbia na vipande viwili vya godoro tumboni, na vyote viwili vilimjulisha kwamba vipo.

Walipokata kona ya mwisho, geti lilikuwa linafungwa. Mlinzi aliwaona. Hata hivyo komeo likaingia mahali pake, kwa maana alifundishwa na mtu aliyefundisha vizuri.

"Mwalimu," alisema kupitia nondo, akikaribia kutoa machozi, "uliniambia nisimfungulie mtu hata awe nani."

"Najua nilichokuambia."

Nje ya geti walikuwepo wanafunzi saba waliochelewa, wamejipanga kwa utii, wakisubiri daftari ambalo siku hiyo lilikuwa upande wao. Walimtazama Bi Geti, wakatazamana, kisha wakasogea kumpa nafasi kwenye mstari. Kwa ndani, kutoka kwenye mlingoti wa bendera, Mkuu alikuwa anakuja. Hakuharakisha. Mtu aliyesubiri kiasi kile hana sababu ya kuharakisha. Nyuma yake madirisha ya chumba cha walimu yalijaa mpaka mwalimu wa upishi akakosa pa kuchungulia.

"Ni saa moja na dakika thelathini na tatu," Mkuu alisema.

Bi Geti akatoa daftari begini. Akaliweka juu ya goti, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina lake lote. Mkono ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akaandika saa. Akafika kwenye safu ya tatu.

Sababu za kumwokoa zilikuwa nyingi. Alikuwa na miaka kumi na moja ya sababu kwenye daftari lile lile. Mtoto ameugua. Mama mkwe ameanguka. Kitasa kimegoma. Hakuna ambaye angebisha, na kitinda mimba angeweza kukohoa akiombwa. Alifikiri juu ya kiti kile chenye mguu mfupi. Kisha akaandika nusu mstari, akampitishia Mkuu daftari katikati ya nondo.

Mkuu akakohoa, akasoma kwa sauti ya kufika madirishani. "Sababu: 'Nilikuwa nakula na watu wangu.'"

Hakuna aliyecheka. Hata Mkuu, aliyekuwa amejiandaa kucheka tangu kile kikao, aliirudia kimoyomoyo midomo ikicheza, kama mtu aliyekumbuka kwamba yeye asubuhi alikunywa chai kwenye kifuniko cha chupa akiwa njiani, ili awahi kumwona Bi Geti akichelewa.

"Wanaofuata," Bi Geti alisema, akilipokea tena daftari kupitia nondo.

Binti mkubwa akaandika kwa mwandiko wake safi: "Kama hapo juu." Kitinda mimba alichukua muda, ulimi nje, akibonyeza kalamu mpaka ukurasa wa pili. Mkuu akaipokea hiyo nayo, akaisoma kimoyomoyo, akaisoma tena.

"'Mama alikaa kwenye kiti,'" alisema. Akainua uso. "Hii siyo sababu, mwalimu. Huyu mtoto aandike upya."

"Sababu haisahihishwi, Mkuu," Bi Geti alisema. Akachomoa muhuri begini, akaupangusa kwa ncha ya kilemba, akampa kupitia nondo pamoja na kalamu. "Ipige muhuri. Na kesho uwahi. Daftari ni lako."